Besi ya Bei ya Gari: Sauti Inatoka Wapi, na Pwani Inaifanyia Nini

Wapiga gitaa la besi wakikaa pamoja hapa Tanga, iwe nyuma ya jukwaa la harusi Ngamiani au baada ya mazoezi ya kwaya Chumbageni, mazungumzo hayachelewi kuhamia kwenye magitaa yasiyokuwapo. Ni zile besi zinazochongwa moja moja kwenye warsha ndogo za ng'ambo: Fodera ya Brooklyn, Alembic ya California, Sadowsky ya New York, Dingwall ya Kanada. Nyingi zinaanzia juu ya dola 5,000, na za kuagiza kwa vipimo vyako hupita 10,000. Mmoja ameiona kwenye video, mwingine aliishika ya mgeni aliyekuja tamasha la Bagamoyo, na ubishi ni uleule kila mara. Wa kwanza atasema siri ni mbao. Wa pili atasema mbao ni hadithi, sauti ni pikapu (kinasa-sauti kilicho chini ya nyuzi) na umeme. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mkubwa kwa umri, atasema sauti iko vidoleni, kisha atanyamaza akiamini kesi imekwisha.

Kesi haiishi kwa sababu swali limekaa vibaya. Besi ya warsha haina sauti ya siri ambayo ya kiwandani haiwezi kuitoa. Kinacholipiwa ni kila noti kutoka sawa na jirani yake, na shingo inayokubali kurekebishwa ikatulia. Kwa sisi tunaoishi na chumvi na unyevu mwaka mzima, hilo la pili ndilo linalostahili pesa, nalo ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Tuanze na uzi wenyewe. Uzi wa E, ulio mnene kuliko yote kwenye besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi bila kubanwa unatetema mara 41 kwa sekunde. Wakati huohuo unatetema kwa nusu zake, kwa theluthi zake na kwa robo zake, na kila mtetemo mdogo una noti yake ya juu zaidi: 82, 123, 164 na kuendelea. Mchanganyiko wa noti hizo ndogo ndio unaokujulisha kwamba hii ni besi na si kinanda, au kwamba nyuzi hizi ni mpya na zile zimechoka. Sasa pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na inausikia uzi pale tu ilipowekwa. Urefu wa uzi unaopigwa kwenye besi nyingi ni inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo, kipimo alichokitumia Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya Fender ya Marekani, kwenye besi yake ya Precision ya mwaka 1951, na walio wengi wamekifuata hadi leo. Weka pikapu sentimita 21.6 kutoka kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, na utakuwa umeiweka kwenye robo kamili ya uzi, mahali ambapo mtetemo wa nne wa uzi wazi haufanyi mwendo wowote. Pikapu itausikia kidogo sana au isiusikie kabisa. Isogeze kuelekea briji, mitetemo midogo inapata nafasi kubwa zaidi ikilinganishwa na ule mkuu na sauti inakuwa kali, ya kubana. Isogeze kuelekea shingo, inanenepa. Ukibana uzi kwenye freti, vile vijichuma vilivyolala shingoni, uzi unafupika na hesabu yote inahama, ndiyo maana hakuna pikapu inayozisikia noti zote kwa namna moja.

Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, ya mwaka 1960, ilikuja na pikapu mbili. Miaka ya 1970 Fender waliisogeza ile ya nyuma karibu sentimita 1 kuelekea briji, na mpaka leo zipo warsha zinazomuuliza mteja anataka nafasi ya miaka ya sitini au ya sabini. Ukimsikia mtu anasifu mti fulani wa mwili wa gitaa, muulize kwanza pikapu zake zimekaa wapi. Mara nyingi jibu la alichokisikia liko hapo.

Je, mbao haina kazi? Ina kazi, ila si ile inayosimuliwa. Pikapu haisikii mbao, inausikia uzi. Mbao inaingia pale inapomnyang'anya uzi nguvu. Shingo nayo ina mtetemo wake wa asili, na noti ya uzi ikikutana na mtetemo huo, shingo inaanza kutikisika na kuila ile noti. Inasikika ikizaliwa vizuri kisha inakufa ghafla huku majirani zake wanaendelea. Kwenye besi za mtindo wa Fender jambo hili hutokea zaidi kwenye uzi wa G, ulio mwembamba kuliko yote, kati ya freti ya 5 na ya 7. Jaribu: piga polepole freti moja baada ya nyingine, acha kila noti ife yenyewe, na usikilize ipi inawahi. Kisha bana kitu kizito kwenye kichwa cha gitaa, kwenye funguo, na urudie. Noti iliyokufa itahama kidogo au itapungua makali, kwa kuwa umebadilisha uzito wa kitu kinachotikisika.

Hapo ndipo warsha zinapofanya kazi yenyewe. Mbunifu wa magitaa Ned Steinberger, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikata kichwa kizima cha gitaa na kutumia grafaiti badala ya mbao, akapata shingo isiyotikisika kirahisi. Wengine wanaunganisha vipande vitatu, vitano au saba vya mbao kwa urefu wa shingo, vikielekea pande zinazopingana, na kuzika ndani fito za kaboni. Mteja anaona mistari ya kupendeza mgongoni mwa shingo. Fundi anafikiria ugumu. Urembo wa uso wa mbele, ule wa mbao zenye mawimbi unaopigwa picha, kwa sauti hauna maana kubwa, na sioni sababu ya kuulipia isipokuwa kama macho yako yanapiga besi.

Kuna jambo dogo la kwetu hapa. Baadhi ya warsha hutumia mpingo kwa ubao wa freti, ule ule wa Kilwa na Lindi unaochongwa vinyago na unaotengenezewa klarineti Ulaya. Ni mbao nzito kiasi kwamba inazama majini, ngumu, haichubuki na nyuzi za chuma. Kwa ubao mwembamba wa freti ni chaguo la kifalme; mwili mzima wa mpingo ungekuvunja bega kabla wimbo wa pili haujaisha. Mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo iliingizwa kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe, na wanamuziki wakawa wanasumbuka na vibali mpaka mwaka 2019 ala zilizokamilika zilipopewa msamaha. Mbao ghafi bado inahitaji karatasi zake.

Uzi wa tano

Hapa ndipo bei inapoanza kujieleza. Besi ya nyuzi tano ina uzi wa B chini, unaotetema mara 31 kwa sekunde. Spika za kumbi zetu, nyingi za inchi 10 au 15 ndani ya masanduku yaliyochoka, haziwezi kutoa mtetemo huo kwa nguvu ya maana. Hata hivyo unasikia B. Kinachotokea ni kwamba sikio linapokea 62, 93 na 124, linagundua kwamba vyote ni vizidisho vya 31, na linaijaza yenyewe noti ya chini ambayo spika haikuitoa. Ujanja huu unafanya kazi vizuri pale tu vizidisho vinapokaa sawasawa.

Na uzi mnene hauviweki sawasawa. Uzi bora usingekuwa na ugumu wowote. Uzi wa B una unene wa takriban milimita 3.3, unaanza kuwa na tabia ya fito ya chuma, na mitetemo yake ya juu inapanda kidogo kuliko hesabu inavyotaka. Badala ya 62 kamili inakuja zaidi ya hapo, na kadiri unavyopanda ndivyo kosa linavyokua. Sikio linashindwa kuamua noti ya chini ni ipi, na mpigaji anasema B yake "inanguruma tu, haisemi". Wengi wanaongeza besi kwenye amplifaya, ambayo ni kuongeza kitu ambacho spika haiwezi kukitoa. Dawa ni kuurefusha uzi. Mvutano hukua kwa mraba wa urefu, kwa hiyo kutoka inchi 34 kwenda 35 uzi uleule, kwa noti ileile, unakazika kwa karibu asilimia 6. Dingwall wakaenda mbali zaidi: freti zao zimetanuliwa mshazari, B ina inchi 37 na G inabaki 34. Hesabu ya B inakuwa karibu asilimia 18 ya mvutano zaidi. Freti hizo zinaonekana za ajabu kwa dakika chache, kisha mkono unasahau.

Wazo la besi yenye uzi wa chini namna hii kwenye gitaa la umeme lina historia ndefu kidogo. Mpiga besi Anthony Jackson ndiye aliyemsukuma fundi Carl Thompson wa New York kumtengenezea besi ya nyuzi sita mwaka 1975, na baadaye akafanya kazi kwa miaka mingi na Fodera kuliboresha wazo hilo. Lakini mtu asikwambie huwezi kupiga muziki wa huku bila B. Black Star Musical Club ya hapa Tanga iliingiza gitaa la umeme na la besi kwenye taarabu miaka ya 1960. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilichezesha mji huu dansi, na ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Kwenye rekodi za wakati ule besi haing'ari wala haishuki shimoni. Inatembea na ngoma, noti fupi zenye nafasi katikati yake. Ukitaka sauti hiyo, weka nyuzi zilizofungwa kwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo na bana nyuzi kidogo kwa kiganja karibu na briji. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alitumia Precision yenye nyuzi nene za utepe ambazo hakupenda kuzibadilisha, na akapiga kwa kidole kimoja cha shahada. Mzee wa vidole ana hoja nzito; tatizo lake ni kuidhani hoja yote.

Mlio wa umeme

Pikapu yenye koili moja ni antena. Inanasa mlio wa nyaya za ukutani, na ukumbi ambao waya wake wa ardhi haujafika ardhini hukupa mlio huo bure usiku kucha. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Sasa angalia: noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E ni 49. Wimbo ukiwa kwenye G, mlio wa umeme unakaa mtetemo mmoja tu juu ya noti yako, na sauti inapanda na kushuka mara moja kila sekunde kana kwamba gitaa limetoka kwenye tuni. Marekani umeme wao ni wa mizunguko 60, mlio unaangukia kati ya B-bemoli na B, kwa hiyo mafundi wa kule wanakutana na kero hii kwenye nyimbo nyingine. Nimeona watu wakikaza na kulegeza funguo kwa hasira ilhali kosa liko kwenye soketi.

Jazz Bass inajisaidia: pikapu zake mbili zimezungushwa kinyume, zikifunguliwa zote sawa mlio unafutika. Punguza moja, mlio unarudi. Pikapu za koili mbili hazina shida hiyo. Halafu kuna priampu, kikuza-sauti kidogo cha betri ndani ya gitaa, iliyoanza kujulikana na Alembic, warsha iliyoanzishwa mwaka 1969, na iliyofika kwa watu wengi kupitia besi ya StingRay ya kampuni ya Music Man ya mwaka 1976. Roger Sadowsky naye alianza mwaka 1979 kama fundi wa kutengeneza magitaa ya watu. Kazi aliyofanya kwenye Jazz Bass ya mpiga besi Marcus Miller, kuiongezea priampu, ndiyo iliyolifanya jina lake litembee. Kazi ya priampu ni ya kawaida kuliko sifa zake: inalinda noti za juu zisipotelee kwenye kebo ndefu, na inakupa uwezo wa kuongeza pale ambapo gitaa lisilo na betri linaweza kupunguza tu. Betri ya volti 9 ikichoka katikati ya harusi, sauti inaanza kukwaruza. Chomoa kebo kila unapoliweka gitaa, kwa kuwa kebo ndiyo swichi ya betri.

Setapu, yaani kulirekebisha gitaa, pwani

Nyuzi nne zikiwa kwenye tuni zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachovuta upande wa pili, na kati ya nguvu hizo mbili shingo inatakiwa ibaki na mpindo mdogo mno kama wa upinde usiovutwa, kwa sababu uzi ukitetema unahitaji nafasi katikati. Mpindo huo unapimwa hivi: bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na kwenye freti inayokutana na mwili, kisha pima nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kipimo ni fila ya gereji, ileile ya kupimia nafasi za vali. Fundi pikipiki yeyote atakuazima. Nafasi ikizidi, kaza chuma cha shingo kwa robo mzunguko, tuni tena, subiri. Ikipungua, legeza.

Baada ya shingo ndipo unakuja urefu wa nyuzi juu ya freti. Kwenye freti ya 17 Fender huanza na milimita 2.4 upande wa E na 2 upande wa G. Kisha usahihi wa noti: noti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko ilivyopaswa, rudisha nyuma kiti cha uzi kwenye briji, ikiwa chini, kilete mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya, kwa kuwa uzi uliokula jasho hauna uzito sawa kutoka mwanzo hadi mwisho na hautakubali hata ufanyeje. Mwisho kabisa pikapu. Ukizipandisha karibu mno, sumaku inauvuta uzi na noti za juu zinapindapinda. Milimita 2.5 hadi 3, uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho, inatosha. Mpangilio huu haubadilishwi. Ukianza na briji kabla ya shingo utarudia kila kitu.

Kinachofanya kazi hii isiishe huku ni hewa. Warsha nzuri hufanya kazi kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Hapa kwetu mara nyingi tuko juu ya 70, na masika ni zaidi. Mbao inakunywa unyevu na kutanuka kwa upana, na kwa kuwa shingo ni mti mmoja na ubao wa freti ni mti mwingine, vinatanuka kwa viwango tofauti na shingo inapinda. Kila shingo inapinda kwa tabia yake, kwa hiyo usikubali kanuni ya jumla ya mtu mwingine. Pima yako masika, pima kaskazi, uijue. Ukilipeleka gitaa hilo Dodoma, ubao unakauka na kusinyaa, na ncha za freti ambazo hapa huzihisi zinaanza kukukwaruza kiganja. Besi yenye shingo ya vipande vingi, fito za kaboni, au mbao iliyookwa ili isinywe maji kirahisi, inahama kidogo tu ambapo shingo ya bei rahisi inahama mpaka nyuzi zinagonga freti. Mtu wa Tanga ataiona tofauti hiyo ndani ya msimu mmoja.

Chumvi ni adui mwingine, na hauchagui bei. Skrubu ndogo za viti vya briji zinashika kutu mpaka spana ya pembe sita inazunguka patupu, na hapo setapu imekwisha. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu linasaidia kuliko kifaa chochote cha dukani. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Ukitoka ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kwenda bustanini, usifungue begi mara moja. Chuma baridi kwenye hewa ya joto kinatoa jasho, na jasho hilo linakutana na chumvi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu kutoka kwenye maboksi ya viatu havina faida ndani ya begi la kitambaa, vinajaa upesi na kubaki kokoto. Kuchemsha nyuzi kuukuu majini kunaondoa mafuta na kurudisha ukali, lakini kwa muda mfupi, na zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa, la sivyo umechemsha kutu.

Kwa hiyo mwenye shilingi milioni moja afanye nini? Besi ya kiwandani iliyosawazishwa freti na fundi anayejua, yenye nyuzi nzuri, itamshinda jirani mwenye besi ya dola 5,000 isiyoguswa tangu itoke kwenye boksi. Kusawazisha freti ndiyo kazi kubwa ambayo warsha huifanya na kiwanda cha bei rahisi huiruka: freti moja ikiwa juu kwa sehemu ya kumi ya milimita, lazima nyuzi zote zipandishwe kwa ajili yake.

Ukienda kununua ya mtumba, iwe Tanga mjini, Bagamoyo au Kariakoo, acha kuangalia rangi. Pitisha jicho kutoka kwenye kichwa hadi kwenye briji uone kama shingo imejikunja mshazari, kwa kuwa chuma cha ndani hakiondoi kosa hilo. Piga kila freti ya kila uzi, bila amplifaya kwanza. Halafu muombe mwenye gitaa ruhusa ya kujaribu nati ya chuma cha shingo, robo mzunguko kwenda na kurudi. Ikikataa kuzunguka, au ikiwa imekazwa mpaka mwisho na shingo bado imepinda, mshukuru na umrudishie, hata akishusha bei kwa nusu.